Aliyegongwa na koboko apewe pumzi kwanza

Kope ndizo hutangulia. Mtu aliyegongwa na koboko anaweza kukaa kitambo akiongea vizuri tu, akisema amehisi kitu kama mwiba, mguu haujavimba sana, na waliomzunguka wakianza kupeana moyo kwamba huenda nyoka mwenyewe hakuwa na sumu. Kisha kope zinateremka, kana kwamba usingizi umemzidi. Anajitahidi kuzinyanyua, hazinyanyuki. Anaona vitu viwili viwili, ulimi unakuwa mzito, mate yanamjaa kinywani kwa sababu koo limegoma kumeza, shingo inashindwa kubeba kichwa. Mwisho kifua kinanyamaza. Wanaomtazama husema amezimia, au amekwisha kufa. Kumbe sumu hiyo haipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo. Maadamu hewa bado inamfikia, mtu huyo anasikia, na pengine anawasikia hata wanaoanza kumlilia, ila hana msuli hata mmoja wa kuwajibu. Kinachomuua ni kukosa hewa, na hewa ni kitu ambacho mhudumu wa zahanati anaweza kumpa kwa mikono yake miwili. Hiyo ndiyo hoja ya makala haya. Kila tunapozungumzia nyoka katika Mkoa wa Njombe, mazungumzo huishia kwenye swali la kama dawa ipo au haipo. Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza.

Ili hoja ieleweke, hatuna budi kuingia mahali padogo mno. Amri ya kupumua inatoka chini ya ubongo, inashuka kwenye uti wa mgongo na kupita kwenye neva kama wimbi la umeme: chembe za sodiamu zinaingia ndani ya neva, za potasiamu zinatoka, na wimbi linasogea mbele hadi kwenye kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Pale mwisho wa safari, ncha ya neva na msuli havigusani. Kati yao kuna mwanya mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara elfu moja. Umeme hauruki mwanya huo. Neva inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo inavuka na kuingia kwenye vipokezi vilivyo upande wa msuli, kama ufunguo unavyoingia kwenye kitasa. Kitasa kikifunguka, msuli unajikunja na hewa inavutwa ndani. Papo hapo kimeng'enya maalumu kinaifagia ile asetilikolini ili msuli ulegee na kusubiri amri inayofuata. Kazi hii inafanyika kwa kila pumzi, mchana na usiku, mtu akiwa amelala au akiwa anapalilia viazi Uwemba, na hakuna anayeikumbuka mpaka siku inapokatika.

Swila wa msituni na jamaa zake hushambulia kitasa. Sumu yao ina protini ndogo ambazo wanasayansi huziita za vidole vitatu, kwa kuwa zikichorwa huonekana kama kiganja kilichonyoosha vidole vitatu. Protini hizo hujipachika kwenye kipokezi, pale pale panapopaswa kukaa asetilikolini. Ufunguo unafika na kukuta kitasa kimezibwa. Koboko anazo hizo, na ana nyongeza. Dendrotoksini yake inaziba milango ya potasiamu kwenye ncha ya neva, milango ambayo kazi yake ni kulizima wimbi la umeme likishafika. Wimbi lisipozimika, neva inamwaga asetilikolini kupita kiasi na misuli inachezacheza chini ya ngozi. Koboko wa kijani, anayeishi zaidi Pwani na kwenye misitu ya mashariki, anaongeza fasikulini, inayomfunga mikono yule mfagiaji. Kifutu, nyoka mwenye lawama ya majeraha mengi kuliko wote Afrika, hana mchezo huo: yeye huvimbisha, huozesha nyama na kuvuruga damu. Swila atemaye mate naye, akiuma, huharibu nyama kuliko pumzi. Anayewachanganya hawa wote chini ya jina moja la "nyoka mwenye sumu" atamtafutia uvimbe mgonjwa wa koboko, asiuone, amruhusu kurudi nyumbani kulala.

Sasa tazama jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Sumu ya vidole vitatu inayoziba kitasa haiui msuli wala haikati neva. Imeziba tu. Wapo nyoka wa Asia, wa jamii ya Bungarus, ambao baadhi ya sumu zao huiharibu kabisa ncha ya neva, lakini hao hawapo kwetu. Ni sumu ya nyoka hao hao, ile ya upande wa kitasa, iliyowafungua macho wanasayansi: Chang na Lee waliitenga Taiwan mwaka 1963, na mwaka 1970 Jean-Pierre Changeux, wa Paris, akaitumia kukinasa kipokezi cha asetilikolini kutoka kwenye samaki wa umeme, kwa kuwa sumu hiyo hung'ang'ania kipokezi hicho kwa nguvu ya ajabu. Na madaktari walikuwa wameshajua kwamba kuziba kitasa si hukumu ya kifo. Tarehe 23 Januari 1942, huko Montreal, Harold Griffith alimpa mgonjwa wa upasuaji kurare, sumu ya mishale ya wawindaji wa Amerika Kusini, ambayo huziba kipokezi hicho hicho. Tangu hapo, kulegeza misuli ya mgonjwa na kumpumulia mpaka dawa iishe ni kazi ya kawaida ya wataalamu wa usingizi. Kila chumba cha upasuaji kinachotumia dawa hizo kinafanya kwa hiari kile ambacho swila hufanya kwa hila, na mgonjwa anaamka kwa sababu moja tu: yupo mtu anayempa hewa.

Atakayesema chumba cha upasuaji kina mashine, na kijijini hakuna, akumbuke Copenhagen. Agosti 1952, mji huo wa Denmark ulikumbwa na mlipuko wa polio iliyolemaza misuli ya kupumua. Katika wiki tatu za mwanzo, hospitali ya Blegdam ilipokea wagonjwa 31 wa aina hiyo, na 27 wakafa. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akapendekeza jambo lililoonekana la kijinga: watobolewe koo na wapumuliwe kwa mfuko wa mpira unaobonyezwa kwa mkono. Mashine hazikuwepo za kutosha, hivyo wakaitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1,500 kwa jumla, wakapokezana zamu kando ya vitanda, mchana na usiku, kwa miezi. Vifo vikashuka kwa zaidi ya nusu. Polio na nyoka ni vitu viwili tofauti, lakini kifua kilicholegea ni kile kile, na mkono unaobonyeza ni ule ule. Tena mgonjwa wa nyoka ana unafuu ambao wale wa polio hawakuwa nao: kizibo chake huachia baada ya saa kadhaa au siku kadhaa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia inataja wagonjwa wa nyoka waliopumuliwa kwa mkono hata siku 30, wakapona.

Wala hatuhitaji kwenda Denmark kutafuta ushahidi kwamba jambo hili linafundishika. Tanzania yenyewe imeshalifanya. Kuanzia mwaka 2009 wakunga na wauguzi katika hospitali nane nchini walifundishwa kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: kumkausha, kumsugua, na asipolia, kumpumulia kwa ambu ndani ya dakika ya kwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Ambu ni kifaa rahisi: kibarakoa cha kufunika mdomo na pua, vali, na mfuko unaojijaza wenyewe kila ukiuachia. Hakihitaji umeme, hakihitaji jokofu, wala hakina tarehe ya kuharibika kesho kutwa. Mhudumu anainua kidevu, anakaza kibarakoa kwa vidole, anabonyeza, anatazama kifua kikipanda, anaachia, anahesabu, anabonyeza tena. Muuguzi anayejua kumfanyia hivyo mtoto wa kilo tatu tayari ana nusu ya ujuzi unaotakiwa. Kinachokosekana ni ambu ya saizi ya mtu mzima, kwa kuwa ile ya mtoto haiwezi kujaza kifua cha mkulima, pamoja na mtu wa kumwambia kwamba kope zikianguka ni wakati wa kuiweka karibu.

Pingamizi la kwanza litatoka Njombe mjini: huku ni baridi, koboko anatafuta nini? Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Mji wa Njombe upo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Makambako zaidi ya mita 1,600, na koboko kwa kawaida hukaa chini zaidi ya hapo. Lakini mkoa si mji. Ukishuka Ludewa hadi Manda, unafika ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake haufiki mita 500. Ukishuka Wanging'ombe, unakaribia tambarare za Usangu zenye joto. Upande wa Lupembe, milima inateremka kuelekea bonde la Kilombero. Ni mkoa wenye ngazi, na watu wake wanapanda na kushuka: wanafuata mashamba, mbao, uvuvi na biashara. Hospitali zake, kuanzia Kibena na Ilembula hadi Lugarawa, hazichagui mgonjwa kwa kimo cha kijiji alichotoka. Tena ghala la mahindi huita panya, na panya huita nyoka, iwe baridi au joto. Kweli, wagonjwa wa kifutu watakuwa wengi kuliko wa koboko. Lakini mgonjwa wa kifutu mara nyingi ana siku za kufikishwa hospitali. Wa koboko huenda ana saa chache tu, na mpango wa dharura hupimwa kwa yule mwenye muda mfupi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: dawa ya nyoka ni antivenomu, na kuzungumzia ambu ni kuipa serikali mwanya wa kukwepa kununua dawa. Sikubaliani na kukwepa huko, na hakuna mstari katika makala haya unaosema antivenomu isinunuliwe. Mgonjwa wa kifutu anaihitaji, wa koboko anaihitaji, na mapema ni bora kuliko baadaye. Lakini tuwe wakweli kuhusu mipaka yake. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza Fav-Afrique, antivenomu iliyotegemewa Afrika, na chupa za mwisho ziliisha muda Juni 2016. Antivenomu zilizobaki sokoni ni ghali, nyingine zinahitaji jokofu, na mgonjwa mmoja wa koboko anaweza kumaliza chupa kumi au zaidi. Dawa hiyo huinasa sumu inayozunguka kwenye damu vizuri zaidi kuliko ile iliyokwisha kukaa kwenye kitasa, hivyo hata ikichomwa kwa wakati, kifua hakifunguki papo hapo. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliripoti jambo la kutafakarisha: katika sumu ya makoboko kadhaa, antivenomu ikishaondoa ulegevu, mkazo wa misuli uliokuwa umefichwa nyuma yake hujitokeza. Mwaka huo huo timu ya mwanasayansi David Baker ilionyesha, kwa panya, protini zilizobuniwa kwa kompyuta zinazozuia sumu za vidole vitatu. Ni habari njema, ila haitashuka kesho kwenye stendi ya Makambako. Hata neostigmini, inayosaidia baadhi ya wagonjwa wa swila kwa kuongeza asetilikolini kwenye mwanya, haifai kutumiwa kwa pupa kwa koboko, ambaye sumu yake tayari imeizidisha asetilikolini hiyo. Katika mkanganyiko wote huo, pumzi ndiyo tiba isiyouliza ni nyoka gani.

La tatu ni lile la jiwe jeusi. Watakuambia: fulani aligongwa, akabandikwa jiwe, likanyonya sumu, leo anatembea. Huenda kweli anatembea. Tufanye hesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati yao wanaoingiwa na sumu ni milioni 1.8 hadi 2.7. Maana yake, nusu au zaidi ya wanaoumwa hawapati sumu kabisa. Ama nyoka hakuwa nayo, ama hakuimwaga. Basi mganga akibandika jiwe, au jani, au sarafu ya shilingi mia, zaidi ya nusu ya wateja wake watapona na kumsifu. Watafiti walilipima jiwe hilo kwa panya waliodungwa sumu za nyoka watatu wa Afrika, akiwemo kifutu na swila mweusi atemaye mate, na matokeo ya mwaka 2007 hayakuonyesha faida yoyote. Waganga wa jadi si maadui katika jambo hili, kwa kuwa mara nyingi ndio wa kwanza kumwona mgonjwa. Waachwe na heshima yao, waombwe kitu kimoja: wasimshikilie mtu ambaye kope zimeanza kuteremka. Kuchanja, kukaza kamba mpaka mguu ufe ganzi, kumnywesha maziwa au pombe, vyote vinakula muda na kuongeza madhara. Asiyeweza kumeza akinyweshwa, kinachoshuka hakiendi tumboni, kinaingia kwenye mapafu. Alazwe kwa ubavu, mate yatoke, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, safari ianze.

Na safari yenyewe inawezekana. Huko Damak, kusini-mashariki mwa Nepal, ambako nyoka wengi wanaoua ni wa sumu ya neva, wanakijiji walipanga waendesha pikipiki wa kujitolea na kufundishana: mgonjwa anakaa katikati, kati ya dereva na mtu wa kumshikilia, wanakimbilia kituo cha tiba. Vifo kati ya walioumwa vilishuka kutoka asilimia 10.5 hadi 0.5. Nani atasema Makambako hakuna bodaboda? Mji ule ni njia panda ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na ile ya Songea, reli ya TAZARA inapita pale, na pikipiki hazilali. Kumpumulia mtu juu ya pikipiki hakuwezekani, hilo liko wazi. Bodaboda imfikishe zahanati ya karibu, na kutoka hapo aende kwa gari, akiwa na mtu mwenye ambu pembeni yake. Nchi tayari ina mfumo wa m-mama, ambao kwa namba 115 isiyotozwa humtafutia mjamzito au mtoto mchanga gari la wagonjwa, na lisipopatikana, dereva wa jamii anayelipwa kwa safari yake. Mfumo uliokwisha kujua njia za vijijini haupaswi kumfungia mlango mtu ambaye kifua chake kinanyamaza.

Litabaki swali la nani atabonyeza. Zahanati ina wahudumu wawili, mmoja yuko likizo, mwingine anazalisha. Ni kweli, na tusilipambe. Lakini Copenhagen walioshika mifuko walikuwa wanafunzi, si mabingwa. Mhudumu akishaweka kibarakoa vizuri na kuonyesha mwendo wa mkono, ndugu wa mgonjwa anaweza kupokea zamu ya kubonyeza huku mhudumu akikaza kibarakoa, na mwingine akapokea baada yake. Familia zetu zinajua kukesha na mgonjwa. Hazijawahi tu kupewa kitu cha kufanya wakati wa kukesha. Ambu ya mtu mzima inatumika pia kwa aliyezama ziwani, aliyepigwa na umeme, aliyekunywa dawa ya mashamba, na mama aliyepata kifafa cha mimba. Hivyo hata zahanati ambayo haitaona koboko kwa miaka mitano haitakuwa imetupa fedha.

Dunia imejiwekea lengo la kupunguza kwa nusu vifo na ulemavu wa nyoka ifikapo mwaka 2030, na miaka iliyobaki inahesabika kwa vidole. Kwa halmashauri za Njombe, Makambako, Wanging'ombe, Ludewa na Makete, ombi ni dogo kiasi cha kuona haya kulikataa: ambu moja ya mtu mzima kwa kila zahanati, siku moja ya mafunzo kwa mwaka, na karatasi moja ukutani inayosema kope zikiteremka usisubiri. Antivenomu iendelee kutafutwa kwa nguvu zote. Lakini atakayekutwa kesho asubuhi shambani na kope zilizoanguka asiambiwe asubiri dawa. Alazwe ubavu, apelekwe, na kifua kikinyamaza, mtu ashike mfuko na kubonyeza, asiache mpaka atakapopokewa na mwingine.